Pedi Nne, TV Moja: Namna ya Kucheza Gemu Chumba Kimoja Siku Hizi

Geuza kava. Kabla hujatoa hela, kabla hujamuuliza muuzaji chochote, geuza kava la CD usome nyuma, kule chini kwenye vijipicha vidogo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ninaloulizwa kila wiki kwenye banda langu la gemu, hapa Kirumba, Mwanza: "Shangazi, hii tunacheza wawili?"

Kwenye kava za PS4, yaani PlayStation 4, utakuta maneno ya Kiingereza, na lazima uyatofautishe. Kuna "players" na kuna "network players". Hilo la kwanza ndilo letu. Pakiandikwa "1-2 players" au "1-4 players", wanazungumzia watu waliokaa mbele ya TV moja, kila mmoja na pedi yake. La pili ni watu wa kwenye intaneti, kila mmoja yuko kwao, na TV yake, na mashine yake, na nakala yake ya gemu. Gemu inaweza kujitapa "network players 2-16" na bado sebuleni kwako ikawa "1 player", yaani anacheza mmoja na nyie wengine mnatazama. Muuzaji akikwambia "hii wanacheza mpaka kumi na sita, dada", hajakudanganya. Amesoma kijipicha kingine tu.

Ukinunua kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, shuka chini kidogo ya bei. Idadi ya wachezaji imeandikwa hapo, na pia wanasema kama intaneti ni ya lazima au ni ya hiari. Palipoandikwa "online play required" paache, labda uwe na waifai ya uhakika na moyo wa kulipia bando.

Kwa nini gemu mpya hazituweki chumba kimoja

Wateja wangu wengi wanadhani ni uchoyo mtupu wa kampuni. Uchoyo upo, nitaufikia, lakini kuna sababu ya kiufundi ambayo ukiielewa utajua kuchagua gemu hata ambazo sijazitaja humu.

Mashine huchora picha ya gemu mara 30 au 60 kila sekunde. Mkiwa wawili kwenye gemu ya magari, wewe uko kwenye kona ya kwanza na mimi nimeshabaki nyuma darajani, mashine inalazimika kuchora sehemu mbili kwa wakati mmoja: barabara yako na barabara yangu. Wakiwa wanne, sehemu nne. Ni kama mama lishe mwenye jiko moja aliyeambiwa asonge ugali wa sufuria mbili kwa dakika zilezile. Enzi za PS2 picha zilikuwa nyepesi, kila nyumba ilikuwa boksi lenye rangi, ikawezekana. Siku hizi majani yanatikisika, jasho linaonekana usoni, na mashine inatumia nguvu zake zote kumpendezesha mtu mmoja. Watengenezaji wakibanwa na muda, cha kwanza kukatwa ni ile skrini ya pili.

Sasa angalia mpira. Kamera ni moja, inaufuata mpira. Wachezaji 22 wanachorwa hata kama umeshika pedi peke yako, kwa hiyo mkiwa wanne mashine haiongezewi mzigo wowote wa maana. Tekken ni hivyohivyo: watu wawili wanapigana mbele ya kamera moja. Ndiyo maana mpira na ngumi vimebaki na watu wawili, wakati magari na bunduki vimehamia mtandaoni. Basi kanuni yangu ni hii: ukitaka gemu ya kukaa wengi, tafuta ya kamera moja. Za kugawa skrini, yaani TV moja inakatwa vipande na kila mtu anatazama chake, zipo, ila hizo ndizo za kukagua kava mara mbili.

Uchoyo sasa. Gemu ya kugawa skrini inauzwa nakala moja, wanacheza wanne. Ya mtandaoni inauzwa nakala nne, na kwenye PS4 na PS5 gemu nyingi za kununua hazikuruhusu kucheza mtandaoni mpaka ulipie uanachama wa PlayStation Plus. Ukishaingia wanakuuzia jezi, mavazi, kadi za wachezaji. Hata gemu za bure zinaishi kwa hilo. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki, na mimi nauza mechi kwa mia tano. Lakini ujue hela yako inaelekea wapi.

Mfano mkubwa uko upande wa Xbox, mashine ya Microsoft. Halo, gemu ya bunduki, ilijengewa jina kuanzia 2001 na watu waliokaa kochi moja wakigawana skrini. Halo 5 ya mwaka 2015 ikatoka bila hiyo. Watu wakalalamika, mwaka 2017 mkuu wa studio inayoitengeneza akaahidi itarudi. Halo Infinite ilipokuja wakasema subirini, halafu Septemba 2022 wakatangaza kwamba kucheza kampeni yake, yaani ile hadithi ya gemu, kwa kugawa skrini wamekuacha. Hapa Mwanza Xbox si nyingi, ila hadithi hii huwa nawapa vijana wanaoamini kwamba ahadi ya kampuni ni sawa na CD mkononi. Nunua kilichopo kwenye kava leo.

Mashine ipi

Kwa anayeanza, awe na banda au sebule ya nyumbani, bado naisifu PS2. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150, na Sony waliposimamisha utengenezaji mwanzoni mwa 2013 ilikuwa imeshaenea kila uchochoro. Pedi zake ni za waya. Hazichajiwi, haziulizi akaunti, haziulizi jina la mama yako. Unachomeka, unacheza.

Tundu za pedi ziko mbili. Kwa watu wanne unahitaji kile kigawanyio kinachoitwa Multitap, na hapa kuwa makini: cha PS2 nene na cha PS2 slimu si kimoja, na cha PS1 hakikusaidii kwenye gemu za PS2. Nenda na mashine yako dukani ujaribishe hapohapo. Wenzetu waliokuwa na Nintendo 64 tangu 1996 hawakuwa na tabu hiyo, mashine ilizaliwa na tundu nne.

PS2 nyingi za mtaani zinasoma gemu kutoka kwenye flashi. Ujue tu kwamba mlango wake wa USB ni wa kizamani, USB 1.1, kwa hiyo video za katikati ya hadithi zinakwamakwama. Kwenye mpira na ngumi hutaliona sana. Kwenye gemu zenye hadithi ndefu utaliona mpaka uchoke.

PS3 niipitie haraka: inakubali pedi hadi saba bila waya, gemu zake nyingi bado ziligawa skrini, na ukiipata nzima kwa bei nzuri usiiache.

PS4 ndiyo inayoniingizia hela. Mwisho wake ni pedi nne. Pedi mpya unaiunganisha kwanza kwa waya wa USB, unabonyeza kile kitufe cha katikati chenye alama ya PS, ndipo inaijua mashine. Itauliza nani anacheza. Mgeni wa mara moja mweke kama mgeni, lakini mgeni akitoka kila alichohifadhi kinafutwa. Kwa watu wa kila siku, tengeneza majina ndani ya mashine. Hayahitaji intaneti wala barua pepe. Mimi nina majina manne tu: Pedi Nyeusi, Pedi Nyekundu, Pedi ya Buluu na Pedi ya Shangazi. Mtu akikaa anachagua rangi aliyoshika, hakuna kuulizana.

PS5 watu wanaikimbilia kabla ya kupiga hesabu. Gemu za PS5 hazikubali pedi za PS4. Pedi za PS4 zinafanya kazi kwenye PS5, ila kwa gemu za PS4 tu. Kwa hiyo mwenye PS5 mpya na pedi moja ya ndani ya boksi, akitaka kucheza na mdogo wake gemu ya PS5 anarudi dukani kununua pedi ya pili, na bei ya pedi hiyo itamfanya akae kwanza. Halafu kuna PS5 isiyo na mlango wa CD. Hiyo kwa maisha yetu haifai kabisa. Sisi CD inazunguka: leo iko kwangu, kesho iko Mabatini kwa jirani, Jumapili iko Nyegezi kwa watoto wa chuo. Gemu iliyofungwa kwenye akaunti humpelekei mtu kwenye mfuko wa rambo.

Nintendo Switch ni chache hapa, mimi niliiona kwa mteja aliyekuja likizo. Nilichokipenda: pedi yake inachomolewa vipande viwili, kila kipande kinakuwa pedi ndogo ya mtu mmoja. Toka ndani ya boksi mpo wawili tayari. Mario Kart 8 Deluxe ya 2017 inagawa skrini kwa watu wanne. Kampuni hiyo haijaachana na watu wa sebuleni, na hilo lazima niliseme hata kama siuzi mashine zao.

Gemu za kununua, na za kuacha

Mpira kwanza, kwa sababu bila mpira banda halina watu. FIFA za PS4 na hizi za jina jipya la EA Sports FC, lililoanza na FC 24 mwaka 2023, zinakubali wawili mpaka wanne kwenye mechi ya kirafiki bila intaneti. Mkiwa ndani ya gemu nendeni Kick Off, mkae hapo. Clubs achaneni nayo, ni ya mtandaoni.

Kwa wapenzi wa Konami, watengenezaji wa PES, kuna jambo la kusikitisha kidogo. PES 2021, iliyotoka Septemba 2020, ndiyo ya mwisho ya mtindo tuliouzoea, wa kununua CD na kupata timu zote. Mwaka 2021 wakaigeuza kuwa eFootball, ya bure, inayoishi kwenye seva, na ukikaa na mwenzako TV moja mnapewa timu chache za kuchagua. Bure yake ni ghali. Ukiona CD ya PES 2021 isiyo na mikwaruzo, chukua. Kwenye PS2, PES 2014 ilitoka mwishoni mwa 2013 mashine yenyewe ikiwa imeshaachwa, na mafundi bado wanaipachika usajili mpya na jezi za Simba na Yanga. Nina wapakia dagaa wa soko la Mwaloni ambao hawataki kusikia PS4 kwa sababu ya jezi hizo.

Ngumi: Tekken 5 kwa PS2, Tekken 7 au Mortal Kombat 11 kwa PS4. Faida ya ngumi ni kwamba mechi ni fupi. Anayefungwa anapigwa, anainuka, mwingine anakaa. Jioni banda likijaa, nazima mpira kwenye TV moja naweka Tekken ili foleni isogee. Mortal Kombat wakiwepo watoto siiwashi, damu yake si ya mchezo.

Magari: hapa ndipo kava linasomwa kwa miwani. Jina kubwa halimaanishi kitu. Need for Speed Underground 2 ya 2004 mnagawana skrini kwenye PS2 bila shida. Need for Speed ya 2015 haiwaki kabisa bila intaneti, hata ukiwa peke yako. Kwa PS4 nakushauri Crash Team Racing Nitro-Fueled ya 2019. Inabeba wanne, watoto wanaielewa kwa dakika chache, na mtu mzima anayejiona dereva wa basi la Musoma anashangaa anavyopitwa. Rocket League, ile ya magari kupiga mpira, nayo inagawa skrini, na tangu 2020 haiuzwi, unaipakua tu. Ipakue sehemu yenye waifai, usiipakue kwa bando la simu.

Bunduki sizishauri. Fortnite inaruhusu wawili kugawana skrini kwenye PS na Xbox, lakini kila mmoja lazima awe na akaunti na intaneti iwepo muda wote. Mtu analipia mechi, bando linakata, ugomvi unaanza.

Sasa zile ninazoziita za kusaidiana, na hizi watu wengi hawazijui. It Takes Two, ya 2021, haichezeki peke yako kabisa. Lazima muwe wawili, skrini imegawanywa karibu muda wote, na kazi ya mmoja haikamiliki bila ya mwenzake. Mwaka huohuo ilipewa tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards, wakati huo kila mtu anasema habari ya kochi moja imekwisha. Studio hiyohiyo, Hazelight ya Sweden, ilitoa A Way Out mwaka 2018 na Split Fiction mwaka 2025, zote za wawili. Split Fiction ni ya PS5, kumbuka habari ya pedi. Nakala moja inatosha kwa nyote wawili mliokaa pamoja. Wachumba wanaipenda, nimewaona wakigombana humo kuliko kwenye mpira, lakini wanarudi.

Overcooked 2 ni ya jikoni, mnapika watu wanne, mmoja anakata nyanya, mwingine anaosha vyombo, na kamera ni moja. Jumamosi asubuhi nimeitenga kwa wasichana, na hii ndiyo wanayoianza nayo. Kina mama wa jirani wanaosema gemu ni za wahuni huwa nawakalisha hapo. Kelele zao zinasikika mpaka barabarani.

Kuhusu PS4 na intaneti: gemu ya CD inajimwaga kwanza kwenye "hadi diski" (hard disk), ghala la ndani ya mashine, unasubiri, halafu inacheza. Ikikuomba masasisho na huna bando, zima waifai kwenye mashine. Gemu ya sebuleni itaendelea bila hayo.

Pedi ndiyo banda

TV mbovu watu watavumilia. Pedi mbovu hawavumilii, kwa sababu anayefungwa siku zote anasingizia pedi, na mara moja moja anasema kweli.

Ukinunua pedi ya mkononi, ijaribu hivi. Anzisha mechi, usiguse kitu. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, analogi, yaani kile kijiti cha dole gumba, imekwisha, iache. Kisha zungusha analogi zote taratibu mpaka mwisho wa kila upande. Isikwame wala isitoe mlio wa kusaga. Bonyeza vitufe vya R1 na R2 haraka mfululizo, kwenye mpira ndivyo vinavyochoka mapema kwa sababu kila mtu anakimbia muda wote. Mwisho chomeka waya wa chaji, utikise kidogo kichwa cha waya. Chaji ikikatika unapotikisa, tundu limelegea.

Mimi niko karibu na soko la samaki, kwa hiyo nina adui ambaye watu wa Capri Point hawamjui: mafuta ya samaki na vumbi la dagaa. Vidole vya mtu aliyetoka kushusha mzigo vikishika analogi, vumbi linaingia chini yake na ndani ya wiki chache pedi inaanza kujivuta upande. Dawa ni ndoo yenye bomba, sabuni ya kipande na taulo, mlangoni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mikono." Hakuna anayekaa bila kunawa, hata awe na hela kiasi gani. Usiku nafuta pedi zote kwa kitambaa chenye spiriti kidogo sana, pembeni ya analogi na katikati ya vitufe. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririshe.

Chaji: nyaya ziwe ndefu, mita 3, ili mtu acheze huku pedi inachaji. Nyaya fupi zinamvuta mtu karibu na TV, analalia waya, tundu linalegea, na tumerudi tulikotoka.

TV

TV ya chogo kama unayo usiitupe. Ukibonyeza, inaitika hapohapo. Flati skrini nyingi zinachelewesha picha kidogo kwa sababu zinaipamba kwanza, na kwenye Tekken mtu anahisi amebonyeza mapema akapigwa kabla. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta "Game" au "Game Mode", iwashe. Rangi zitapauka kidogo, achana nazo.

Ukubwa unategemea gemu. Kwa mpira inchi 32 zinatosha benchi la watu wanne. Kwa kugawa skrini vipande vinne, inchi 32 zinampa kila mtu kipande cha inchi 16, na mwenye macho mabovu amekwisha. Hapo anza na 43. Kuhusu kuchunguliana skrini kwenye gemu za kugawa: kuchungulia ni halali kwangu. Asiyetaka kuchunguliwa akacheze mtandaoni.

Sheria za kukaa

Vijana wanne wanaweza kuja bandani, wakakaa benchi moja, na kila mmoja akatoa simu akacheza na mtu asiyemjua wa mbali. Nawaona kila siku wanaposubiri zamu. Kwa hiyo kuwa na pedi nne peke yake hakuwakutanishi. Lazima zamu iwe fupi na ieleweke, la sivyo wanarudi kwenye simu zao.

Desturi ya mtaani ni mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi. Iko vizuri mpaka atokee fundi mmoja. Fundi akikaa saa nzima, wengine wanaondoka na hela zao. Kwangu mshindi anabaki mechi mbili, ya tatu anainuka hata kama hajafungwa bao tangu asubuhi. Akitaka sifa tunamwandika ukutani kwa chaki.

Mpira naweka dakika 4 kila kipindi. Marudio ya mabao yanarukwa, na mechi ikisimamishwa ni kwa mabadiliko ya wachezaji tu, si kwa kupokea simu ya mtu. Droo kwenye mechi ya kulipia inaenda penalti moja kwa moja.

Mgeni asiyejua kucheza usimkalishe peke yake mbele ya fundi. Waweke wawili kwa wawili, fundi na mgeni upande mmoja. Fundi atamfundisha kwa sababu hataki kufungwa: "Pasia! Bonyeza X, dogo, X!" Nimeona kijana wa Ukerewe aliyeshuka melini asubuhi, hajawahi kushika pedi, jioni anamkaripia mwingine kwamba hajui kupasia.

Hakuna kuwekeana hela. Hili silegezi. Wazazi wengi hawaoni tofauti ya banda la gemu na mashine za dubwi, na siku wakikuta noti mezani hutawashawishi tena. Mwenye sare ya shule haingii saa za masomo, na akija na nguo za nyumbani saa nne asubuhi ya Jumanne namuuliza anasoma wapi. Leseni ya biashara itundike ukutani, usiifungie kabatini.

Umeme

Weka stabilaiza ya kutuliza umeme, hata ukibana kwingine kote. PS4 izime kabisa usiku, usiiache imelala, kwa sababu umeme ukikatika ikiwa imelala, asubuhi inaanza kukagua hard disk yake na wateja wamesimama. UPS ndogo, ile betri ya akiba, haitakuchezesha usiku kucha, lakini itakupa dakika za kumaliza mechi na kuzima kwa adabu. Wenzetu wa visiwani wanaotumia sola wanachagua PS2 slimu na TV ndogo, na wana akili, maana haili umeme mwingi.

Na uniti za LUKU angalia kabla ya saa kumi na mbili jioni, si baada.

Umeme ukikatika katikati ya mechi iliyolipiwa, sheria iwe imeandikwa mapema: kipindi cha kwanza, mechi inarudiwa bure, kipindi cha pili, matokeo ni yale yaliyokuwa kwenye skrini, na kama ilikuwa droo kila mtu anarudishiwa nusu. Aliyekuwa nyuma kwa bao moja atasema alikuwa karibu kusawazisha. Mwambie akasawazishe foleni, kuna watatu mbele yake.